Mgongo wako uuweke sawa, mazoezini mpaka kitandani

Watu wengi ukiwaambia wanyooshe mgongo wanajikaza, kifua mbele kiuno kimebinuka, dakika mbili nyingi wameshachoka. Jamani uti wa mgongo haujaumbwa kunyooka kama rula. Shingoni unaingia ndani, mgongo wa juu unatoka nje kidogo, kiunoni unaingia tena, na kazi yako ni kuilinda hiyo mikunjo, iwe unabeba chuma au umelala.

Kabla hujagusa dedlifti, yaani zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima, chukua mpini wa fagio, uweke wima mgongoni, mkono mmoja uushike nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa juu ya makalio. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yalegee kidogo, ukiona mpini umeachia makalio ujue umekunja kiuno, ukiachia kisogo umeangusha kichwa, simama uanze upya taratibu. Hapa ndipo pa kutumia muda kwa kweli, ukiliweza hili bila uzito basi ongeza uzito kidogokidogo, na kila ukinyanyua vuta pumzi kwanza ukaze tumbo pande zote. Planki nayo, lile zoezi la kujishikilia kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, kiuno kikianza kushuka acha, sekunde 20 safi ni bora kuliko dakika nzima ya kuning'inia.

Usiku sasa. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti ili goti la juu lisivute kiuno, na mto wa kichwa ujaze ile nafasi kati ya bega na sikio, usizidi usipungue. Ukilala chali weka mto chini ya magoti. Kifudifudi mimi sikushauri maana shingo inakaa imepinda masaa, lakini kama usingizi hauji bila hivyo weka mto mwembamba chini ya tumbo.

Asubuhi usikurupuke, geuka ubavu, shusha miguu, jisukume na mkono. Usiku diski za mgongo, yale matakia laini kati ya pingili, zinavuta maji zinajaa, ndo maana ukiamka unahisi mgongo mgumu, kwahiyo vyuma vizito visubiri kama saa nzima hivi.

Ila mguu ukikosa nguvu, ukihisi ganzi sehemu za siri au mkojo ukigoma ama kutoka wenyewe, achana na mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.