Kupanga vifaa vya kuzamia boti iliyolala chini ya Kivu

Mzamiaji aliyezoea bahari akija Goma au Bukavu na hesabu zake za pwani atapanda juu vibaya. Uso wa Ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoukandamiza ni bar 0.85 hivi. Ukiwa mita 20 chini, mgandamizo ni bar 2.8, yaani mara 3.3 ya ule wa juu. Baharini ungekuwa mara 3. Lita moja ya hewa iliyobaki kwenye jaketi la kuelea huko chini itataka kuwa lita 3.3 ukifika juu, na nitrojeni mwilini nayo ina haraka zaidi ya kutoka. Kwa hiyo vifaa vipange kwa kufikiria kwanza utakavyorudi.

Kamba ya kushukia ni ya milimita 10 au 12, yenye uzito wa kilo 15 hadi 20 chini na boya lisilozama hata watu wawili wakiishika. Ilaze ufukweni, ipime kwa futi ya fundi kuanzia kwenye boya, piga fundo moja mita 4 na mafundo mawili mita 8. Hayo mafundo yaamini kuliko geji ya kina ya sindano ya baharini, ambayo hapa haianzi kusoma mpaka umeshuka kama mita 1.6, kisha inakuonyesha uko juu kuliko ulivyo. Kompyuta ya kuzamia, inayovaliwa mkononi kama saa, iwashe ukiwa palepale ziwani. Kama mwinuko unawekwa kwa mkono, uweke kabla hujavaa. Anayetumia jedwali la kuzamia la baharini (la kina na muda wa kukaa chini) azidishe kina kwa 1.2: mita 20 za Kivu zisome kama 24. Kasi ya kupanda isizidi mita 7 kwa dakika, na kwenye fundo la mita 4 kaa dakika 3 angalau.

Chini, usiifunge kamba kwenye ubao wala reli. Mbao zikishalowa miaka hushika vizuri mpaka siku uzivute. Tafuta chuma kinene: kitako cha injini, pete ya nanga. Acha ulegevu wa mita moja au mbili tu, maana kamba ndefu hupinda na kukupandisha mbali na boya.

Sasa mwilini. Kwenye boti iliyozama, kila kinachoning'inia ni ndoano, na Kivu kuna nyavu za nailoni za kuvulia sambaza (dagaa wa Kivu) zisizoonekana mpaka zikushike. Mpira mrefu wa kupumulia, wa mita 2, unatoka kulia kwa mtungi, unashuka chini ya kwapa la kulia, unavuka kifua kwenda bega la kushoto, unazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutoka kulia. Mdomo wa akiba, yaani kipumulio cha pili, unakaa chini ya kidevu kwa kitanzi cha elastiki. Mwenzako akikosa hewa unampa ulionao mdomoni, unainamisha kichwa na mpira unafunguka wenyewe. Urefu huo unawatosha kupita mlangoni mmoja nyuma ya mwingine. Kosa la kila siku ni kuvaa tochi au mpira wa kujazia jaketi juu ya mpira mrefu. Jaribuni kupeana ufukweni: ukikwama hata kidogo, vua, panga upya.

Geji ya hewa ibanwe kwenye nyonga ya kushoto. Tochi tatu, kubwa moja mkononi na ndogo mbili kwenye mikanda ya mabega, zikishikwa na pete za sentimita 2 zilizokatwa kutoka mpira wa ndani wa pikipiki. Pete hizo hazioti kutu, na kwa nguvu unaweza kuzikata. Vya kukatia viwe viwili, kisu kifupi kiunoni na mkasi kifuani, ili mkono wowote ulio huru ufikie kimojawapo. Kwa nailoni, mkasi unashinda kisu.

Risasi za uzito zipungue kilo 2 hadi 3 kuliko baharini, kwa sababu maji haya hayana chumvi. Pima uzito huo mtungi ukiwa na bar 50 na jaketi likiwa tupu: kwenye fundo la mita 4 lazima uweze kutulia. Mtungi wa lita 12 uliotoka bar 200 hadi 50 umepungua zaidi ya kilo 2, na anayepima uzito mtungi ukiwa umejaa ndiye anayerushwa juu mwishoni.

Hewa ya kupanda ihesabiwe kwa watu wawili wenye hofu, kila mmoja lita 20 kwa dakika. Kutoka mita 20, dakika 2 za kutatua tatizo, 3 za kupanda na 3 za kusimama zinakula kama lita 615, yaani bar 51 za mtungi wa lita 12. Weka 70. Geji ikifika hapo, muwe tayari kwenye kamba.

Ukijaza mtungi Goma, angalia kompresa ilipo. Mabonde madogo yenye mazuku (gesi ya hatari inayotoka ardhini) hukusanya kaboni dioksidi pale chini, na hewa hiyo, ukiwa mita 20, inakudhuru mara 3.3 zaidi. Bomba la kuvutia hewa liinuliwe juu, mbali na moshi wa jenereta. Ghuba ya Kabuno iache kabisa: gesi hiyo imo majini karibu na uso.

Kamba ikipotea, tuma juu boya dogo kwa rili (kigurudumu cha uzi) ya mita 30. Pulizia pumzi moja tu, kwani boya litavimba likipanda. Rili ishikwe kwa mkono, isibanwe mwilini, ikikwama, iachie.

Ukishatoka majini, kupanda milima ya Nyiragongo (mita 3,470) na Kahuzi (mita 3,308) kusubiri saa 24, na ndege vilevile.