Uwanja wa kijiji: anza na muhtasari wa mkutano wa kijiji, barua ya kuomba hela itafuata

Mwaka wa kwanza niliandika barua ya kurasa tatu kuomba "uwanja wa kisasa". Nikaipeleka halmashauri mwezi Machi, nimevaa koti langu la harusi. Nilijibiwa pale pale mlangoni: bajeti imeshafungwa, na hata isingefungwa, mwalimu, huo uwanja ungejengwa kwenye ardhi ya nani? Nikabaki mdomo wazi. Watoto ninaowafundisha mbio walikuwa wanakimbia kwenye shamba la mtu ambalo halijalimwa.

Nafundisha hesabu shule ya msingi huku Singida, mkoa alikotoka Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Jioni nakimbiza watoto. Haya ninayoyaandika ni kwa kocha wa kijijini mwenye filimbi na hamu, basi.

Ardhi kwanza. Uwanja wa mbio wa mita 400 wenye njia nane unataka kama mita 177 kwa 93, na uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakaa katikati yake. Omba 180 kwa 100, yaani karibu ekari nne na nusu. Usiende na maneno matupu. Pima kwa kamba, piga vigingi, kisha mwite mwenyekiti wa kijiji aje aone kwa macho yake. Halmashauri ya kijiji ikikubali, suala liende mkutano mkuu wa kijiji, maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndio wenye neno la mwisho. Hapo usikae nyuma kimya. Mkutano wetu ulitaka kuvunjika kwa sababu ya wafugaji: eneo lile mifugo ilipita kwenda lamboni. Tulisogeza uwanja hatua 40 upande wa mashariki, njia ya ng'ombe ikabaki, na mzee aliyepinga sana ndiye aliyetoa miche ya minyaa ya kuzungushia. Mtendaji akiandika muhtasari, soma mwenyewe kabla haujapigwa muhuri. Vipimo viwemo, mipaka iwemo, na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe. Muhtasari unaosema tu "kijiji kimetenga eneo la michezo" siku moja utazaa zahanati au nyumba ya mtu katikati ya goli.

Halafu sajili klabu. Nenda kwa afisa michezo wa halmashauri na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha, naye atakuelekeza njia ya usajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Fungueni na akaunti ya benki kwa jina la klabu. Hela ya umma haiwekwi kwenye simu ya kocha, hata kama kocha ni mlokole.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele huanzia kijijini miezi mingi kabla. Mimi nahakikisha ombi letu limeingia kwenye kikao cha kijiji kabla ya Novemba, likapande Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi baraza la madiwani. Mpe diwani karatasi moja, asome akiwa kwenye bodaboda. Na omba kitu kimoja chenye bei. Sisi tuliomba greda kwa siku mbili tu, tukaeleza kwamba visiki tumeshang'oa kwa msaragambo na picha tukabandika. Mlango mwingine ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo: kamati yake huongozwa na mbunge, na inapenda mradi ambao wananchi wameshautolea jasho. Kuna pia Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, ambao tangu bajeti ya 2021/22 umetengewa asilimia 5 ya kodi ya kubashiri matokeo ya michezo. Kwa kijiji, mimi nisingeanzia huko.

Kuhusu wanariadha wenyewe, lango ni UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kwa sekondari UMISSETA. Kuanzia Januari weka daftari: jina, umri, tarehe, umbali, muda. Afisa akiuliza una watoto wangapi wazuri, usimjibu "wapo wengi". Fungua daftari. Mwenye nia ya ukocha aulizie mafunzo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, Kwimba. Barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri aiombe mapema, maana huchelewa kuliko basi.

Na muhtasari ule wenye muhuri halisi usimwachie mtu. Toa nakala. Wa kwangu unalala kwenye kopo la biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo vya wanangu.