Tangawizi mbichi ndani ya asali: kazi yote ni kupigana na maji

Jumamosi tulikuwa wanne barazani kwangu Tabata, birika katikati, na ubishi wetu ule ule. Mwenzetu wa Sikonge anasema asali isiyokwaruza koo ni maji ya sukari. Kwao ukitaja asali ni ile ya miombo, nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, yenye kaharufu ka moshi. Wa Tanga hamkubalii hata chembe: "Shoga, asali ni ya nyuki wadogo. Hizo nyingine pakeni mkate." Wa tatu ana lake kabisa, tangawizi hali. "Mie nikiinywa hiyo najiona kama nimelazwa," husema hivyo kila tukikaa, na kila tukikaa kikombe chake kinasogezwa kwangu.

Mimi Mpare, kwetu Mamba Myamba, Same. Tangawizi niliikuta shambani kwa bibi kabla sijajua kusoma, na huu ni mwaka wa sita natengeneza tangawizi ya asali na kuuza chupa moja moja. Walipochoka kubishana wakaniuliza ipi ni bora. Nikawaambia inategemea unaitia wapi, wakaniona nakwepa. Sikuwa nakwepa. Asali ya nyuki wadogo na ile ya Sikonge zinatofautiana kwa maji kabla hazijatofautiana kwa ladha, na katika chupa ya tangawizi maji ndiyo yanayokuharibia kazi.

Utahitaji tangawizi mbichi gramu 250, asali gramu 500, chupa ya kioo ya mdomo mpana ya mililita 700 hivi (zile za jemu zinafaa), mizani ya jikoni, kisu kikali, kijiko na ungo.

Hatua ya 1: Chagua tangawizi kwa umri

Muuzaji atakwambia zote ni moja. Si moja. Kata kidole kimoja cha tangawizi kwa mkono. Kikikatika kwa mlio safi na ndani kuna unyevu bila nyuzi nyingi, hiyo ni changa. Kikigoma, kikachanika na kuacha nyuzi zimening'inia kama kamba ya katani, hiyo imekomaa. Ngozi pia inasema: ya changa inatoka kwa ukucha.

Iliyokomaa ni kali zaidi na ndiyo ya chai. Kwenye chupa ya asali mimi natumia ya katikati, iliyoanza kukaza ngozi lakini bado haijawa kamba, kwa sababu vipande hivi vitaliwa, havitatupwa. Changa kabisa ni tamu kutafuna ila ina maji mengi, na maji ndiyo tunayoyakimbia.

Angalia maungio, pale vidole vinapoachana. Ukungu huanzia hapo. Na ukiikuta inang'aa na kulowa saa nane ya mchana wakati meza nzima ni kavu, jua imelowekwa ipate uzito. Achana nayo.

Hatua ya 2: Pima asali, usiichome kiberiti

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopigwa.

Kila mtu ana kipimo chake cha asali. Kuna anayechovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, kuna anayedondosha tone kwenye glasi ya maji, kuna anayesubiri sisimizi waikimbie. Sisimizi wanakula asali safi vizuri sana, waulize wanaoihifadhi. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo itazama kwenye maji kama asali, na njiti iliyochovywa humo itawaka. Vipimo hivyo vinampa mnunuzi raha ya moyo tu.

Mimi natumia mizani. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita, iweke juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Tia maji mpaka yasome gramu 500, piga alama ya kalamu pale yalipofika. Mwaga, kausha chupa sawasawa, kisha tia asali mpaka kwenye alama ile ile. Asali nzito ya kawaida itasoma gramu 700 na kitu, kwa sababu lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4. Ikisoma chini ya 690 mimi siitii kwenye chupa ya tangawizi, hata kama imetoka kwa shemeji. Subiri povu lishuke kabla ya kusoma, la sivyo utamwonea muuzaji.

Kipimo hiki kinakwambia habari ya maji peke yake. Aliyechakachua kwa sukari nzito atakipita, na dawa yake ni kununua kwa mtu unayemjua mzinga wake.

Sasa turudi kwa wabishi wangu. Asali ya miombo ya Tabora na Katavi, ya nyuki wakubwa, ikivunwa masega yakiwa yamefunikwa kwa nta, huwa na maji chini ya asilimia 20, na hicho ndicho kiwango cha juu kinachokubalika kwenye biashara ya asali duniani. Hii ndiyo ya chupa. Weusi wake na ule moshi unaotoka kwa warinaji vinaubeba ukali wa tangawizi bila kuzidiwa.

Asali ya nyuki wadogo, hawa wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu kama umeikamulia ndimu, na kwa asili yake ina maji mengi kuliko hiyo nyingine. Si kwamba imechakachuliwa, ndivyo ilivyo. Ladha yake mimi naipenda kuliko zote, hilo sikumwambia wa Sikonge. Lakini ukiitia tangawizi mbichi unaongeza maji juu ya maji, na siku chache baadaye una pombe. Ilambe kwa kijiko, au iweke mezani kila mtu ajitilie.

Iko pia ya maua ya alizeti, ile ya njano inayoletwa toka Singida. Huganda upesi ikawa kama samli, na watu huirudisha dukani wakidai ni sukari. Kuganda ni tabia ya asali. Iweke chupa yake ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, maji ambayo mkono unayavumilia, itarudi. Kwa tangawizi ni nzuri ukipenda utamu wa mbele na ukali wa nyuma.

Hatua ya 3: Para, kata, kausha

Osha tangawizi ikiwa nzima, usugue maungio kwa mswaki. Kisha para kwa ncha ya kijiko, si kwa kisu. Kijiko kinafuata mabonde, kisu kinaondoka na nyama. Maganda usitupe, yaanike, yatakwenda kwenye chai. (Najua mnachosema kuhusu Wapare.) Kumbuka tu kwamba tangawizi ikikauka inazidi kuwasha, kwa hiyo maganda makavu tia kidogo.

Kata vipande vyembamba kama shilingi, ukikata kukingama na nyuzi ili mlaji asibaki na uzi kwenye meno. Vitandaze juu ya ungo, kivulini, feni ikipuliza, kwa muda wa saa mbili mpaka tatu. Unataka nje pakauke na ndani pabaki pabichi. Kwangu gramu 250 hurudi kwenye 220 hivi. Hizo 30 ni maji ambayo hayataingia kwenye asali yako.

Hatua ya 4: Chupa

Chemsha chupa na mfuniko dakika 10, pindua juu ya kitambaa safi, acha vikauke vyenyewe mpaka usione hata tone.

Hatua ya 5: Jaza, halafu geuza kila siku

Tia asali vidole viwili chini, tandaza tangawizi, asali tena, tangawizi tena, umalizie na asali. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Usijaze mpaka mdomoni.

Tangawizi itaelea, maana ni nyepesi kuliko asali. Vipande vilivyo juu vikiachwa wazi ndivyo vitakavyoota ukungu, kwa hiyo kila asubuhi kaza mfuniko, pindua chupa kichwa chini dakika chache, rudisha. Siku ya pili utaona asali imelegea kama sharubati. Usishtuke. Sukari ya asali inavuta maji yaliyobaki ndani ya tangawizi, na tangawizi nayo inakunywa utamu. Mtu wa Mafinga mwenye baridi yake anaweza kuvuta muda. Kwa joto la Dar es Salaam, mimi kuanzia siku hiyo ya pili naihamishia kwenye friji na sichelewi. Siku ya tano iko tayari. Ndani ya friji nailia mwezi mmoja.

Ukiona vipovu vinapanda na harufu imegeuka ya togwa lililolala, chachu imeanza. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia asali nyepesi, chupa nikaijaza hadi mdomoni, nikampa mteja akaitia kwenye mkoba. Daladala ilikuwa haijafika Buguruni, mfuniko ukafyatuka. Nilinunua mkoba, nikanunua na mizani.

Hatua ya 6: Kuitumia

Kijiko kimoja kwenye maji ya moto yaliyopoa mpaka unaweza kuyanywa, pamoja na ndimu. Au juu ya uji wa ulezi. Usiichemshe asali, harufu uliyoilipia itaishia darini. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, hata kulambishwa. Na mwenye kisukari asidanganywe kwamba asali si sukari.

Chai ya maziwa ina neno lake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Kule Guangdong, China, hufanya makusudi: maziwa ya moto yenye sukari humiminwa juu ya maji ya tangawizi yakaganda yakawa kitindamlo laini. Wewe hutaki hivyo kwenye birika. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, ichemke hasa, moto ukiue hicho kimeng'enya, ndipo utie maziwa. Wengi hulaumu maziwa ya dukani wakati kosa ni mpangilio. Asali ije mwisho, kikombeni.

Hatua ya 7: Kuonjesha wabishi

Wape kwa utaratibu: nyuki wadogo kwanza, alizeti, halafu ya miombo, na ya tangawizi mwisho kabisa. Ukianza na tangawizi ulimi unakufa ganzi, hawatasikia kingine. Kati ya kijiko na kijiko, maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate mkavu. Usiwaambie ipi ni ipi.

Jumamosi nilifanya hivyo. Wa Sikonge alifumba macho kwenye kijiko cha kwanza, akasema, "Hii imetoka kwetu." Ilikuwa ya nyuki wadogo. Wa Tanga alicheka mpaka chai ikampalia, na wakati tunampigapiga mgongo yule asiyekula tangawizi alikuwa kimya, uma mkononi, anavua vipande chupani kimoja kimoja. Asali aliniachia.