Kuinstoli laibrari ya Python moja kwa moja kutoka kwenye repo ya Git

Kuna ile hali bagi inayokusumbua wameshairekebisha, unaiona kabisa kwenye repo (hifadhi ya kodi ya laibrari) imeshaingia, ila toleo jipya halijafika PyPI, ghala la mtandaoni la laibrari za Python, na wewe kazi inatakiwa kesho. Usisubiri, pip, ile programu ya kuinstoli laibrari za Python, inaweza kuifuata kodi kule kule inakoandikwa.

Kwanza andika git --version uone kama git ipo, kama haipo na uko Ubuntu piga sudo apt install git, maana pip haina git yake ya ndani, inatumia hiyo hiyo ya mashine. Alafu tengeneza mazingira ya pembeni usije ukavuruga Python ya mashine nzima:

python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate

(Windows mstari wa pili ni mazingira\Scripts\activate.) Sasa tuchukue mfano wa laibrari ya requests:

pip install "git+https://github.com/psf/requests.git"

Ile git+ ya mwanzo ndo inaiambia pip kwamba hii ni repo. Ukiacha hivyo unapewa branchi kuu (tawi kuu la kodi) ilivyo dakika hiyo, na hapa ndo watu wanapoumia sana, leo umeinstoli imekubali, wiki ijayo mwenzio anapiga komandi ile ile anapata kodi nyingine, mnabaki mnabishana kwangu inafanya kazi kwako inagoma na wote mna haki. Funga toleo unalotaka kwa @:

pip install "git+https://github.com/psf/requests.git@v2.32.3"

Hiyo v2.32.3 ni tagi, yaani jina lililobandikwa kwenye toleo, na tagi mwenye repo anaweza kuihamisha, kwa hiyo kitu kinachoenda seva kifunge kwa namba nzima ya komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye repo), ile yenye herufi na tarakimu 40. Wala huhangaiki kuitafuta, ukimaliza piga pip freeze utaiona mwishoni mwa mstari wa laibrari yako, kopi mstari wote ubandike kwenye requirements.txt, faili la orodha ya laibrari za mradi wako. Tafadhali fanya hivi hata kama mradi ni mdogo.

Kama mashine ni ya ofisini na huruhusiwi kuweka git, vuta zip:

pip install https://github.com/psf/requests/archive/refs/tags/v2.32.3.zip

Ila zipo laibrari zinazosoma namba ya toleo lao kwenye historia ya git, hizo kwa zip zinaweza kugoma.

Laibrari zenye C ndani ni habari nyingine, PyPI mara nyingi wanakupa iliyojengwa tayari lakini ukitoka kwenye repo unajenga mwenyewe, ukikutana na eraa ya gcc au Python.h weka paketi za build-essential na python3-dev (Ubuntu, kwa sudo apt install) ujaribu tena, na uwe na subira, kubwa kama pandas inachukua muda.

Angalia pia repo ni ya nani. Kuinstoli namna hii ni kurani kodi ya mtu kwenye mashine yako kabla hata hujaandika import, setup.py, faili la laibrari linalorani wakati wa kuinstoli, inaweza kufanya chochote, na repo za kopi zenye majina yanayofanana na ya kweli zipo.

Siku toleo lenye marekebisho likifika PyPI, futa ule mstari wa git kwenye requirements.txt, rudisha jina la kawaida na namba ya toleo, tengeneza mazingira mapya uinstoli upya.