Kuhesabu bei ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi dukani Lubumbashi

Katoni ya sabuni inayouzwa Soko la Kenya, mjini Lubumbashi, imesafiri kama kilomita 2,000. Imetoka Dar es Salaam, ikavuka Tunduma na Nakonde, ikapita Zambia nzima hadi Copperbelt, ikaingia Congo kwa Kasumbalesa, kisha ikamaliza kilomita tisini na kitu hadi Lubumbashi. Wenye duka wengi hujumlisha bei ya kununulia na nauli ya lori, wakaongeza faida, basi. Ndiyo maana mtu anauza sana na mwisho wa mwaka hana mtaji wa kurudi sokoni. Gharama kubwa zilizobaki zimejificha katika ushuru, hasara na siku za kusubiri.

Chukua lori moja la tani 28, lenye katoni 1,400 za sabuni, kila moja kilo 20. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka zako mahali pake, lakini usibadilishe mpangilio.

Ununuzi, dola 12 kwa katoni: 16,800
Nauli na bima hadi mpakani: 5,600
Thamani mbele ya duwane (forodha): 22,400
Ushuru wa asilimia 20: 4,480
TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya 26,880: 4,301
Wakala wa duwane, ukaguzi, parikingi, peaje (ada ya barabara), kipande cha mwisho cha njia, wabebaji: 1,200
Jumla: 32,381

Ukigawa kwa katoni 1,400 unapata dola 23.13. Usisimame hapo. Katoni zilizopasuka, zilizolowa au zilizopotea haziuzwi, na gharama yake inabebwa na zile zilizobaki. Hasara ikiwa asilimia 2, unabaki na 1,372, na kila moja imekugharimu 23.60. Hiyo ndiyo bei ya mzigo, na faida inaanza kuhesabiwa juu yake.

Tazama tena mstari wa nauli. Duwane haitozi ushuru kwa bei ya kununulia peke yake. Inatoza kwa thamani iliyojumlisha usafiri na bima hadi mpakani. Halafu TVA inatozwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kwa bidhaa ya asilimia 20, kila dola 1 ya nauli inakuwa dola 1.39 mfukoni mwako, ikiwa huna namna ya kurudishiwa TVA, na duka dogo kwa kawaida halina. Kwa hiyo ukipunguza nauli kwa dola 500 umeokoa karibu 700. Mwambie mwenye lori atenganishe fakture (ankara): sehemu ya Dar es Salaam hadi Kasumbalesa mstari wake, sehemu ya Kasumbalesa hadi depo mstari wake. Usafiri wa ndani ya nchi, ukionekana wazi peke yake, hauna sababu ya kuingia katika thamani ya duwane. Fakture ya mstari mmoja inakulipisha ushuru wa barabara ya nyumbani.

Sasa siku. Hapa ndipo pesa nyingi huvuja, kwa kuwa hakuna anayekupa risiti yake. Mtaji wako wa dola 22,400 umelala barabarani. Kama pesa inakugharimu asilimia 3 kwa mwezi, iwe ni riba ya mkopo au faida ambayo ungeipata kwingine, kila siku inakula dola 22.40. Mwenye lori naye anakupa siku chache za kusubiri bila malipo, tuseme tatu, na baada ya hapo anatoza, tuseme dola 150 kwa siku. Lori likikaa siku 10 kwenye foleni, mtaji umekula 224 na kusubiri kumekula 1,050. Hiyo ni senti 93 juu ya kila katoni inayouzwa, na bado hakuna kilichoharibika.

Foleni ya Kasumbalesa huwezi kuiondoa, maana barabara hiyo hiyo ndiyo inayotoa shaba na kobalti ya Katanga na kuingiza vifaa vya migodi. Unachoweza ni kuhakikisha lori lako halisimami kwa kosa la karatasi. Makosa hujirudia yale yale: uzito wa fakture haulingani na wa orodha ya mizigo, jina la bidhaa ni la jumla mno, "vitu mbalimbali", na mkaguzi anafungua lori zima, FERI (hati ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Congo) haijatolewa kabla mzigo haujafika, pesa ya ushuru inaanza kutafutwa siku lori limeshafika. Mpe wakala nakala zote siku lori linapopakia Dar es Salaam, aangalie fungu la ushuru la kila bidhaa, akupe makadirio. Lori linapovuka Nakonde, pesa ya ushuru iwe tayari benki.

Kama mzigo uko ndani ya kontena, uliza pia siku za bure za kulirudisha kwa mwenye meli. Safari ya kwenda Lubumbashi na kurudi inazimaliza haraka. Mara nyingi ni nafuu kuhamishia mzigo kwenye lori la kawaida pale Dar es Salaam, ingawa kila kuhamisha kunavunja katoni chache.

Wasio na mtaji wa lori zima huchanga lori moja watu watatu au wanne. Ni njia nzuri, lakini ugomvi huzaliwa kwenye kugawa nauli. Lori linajaa kwa uzito au kwa nafasi. Biskuti katoni ya kilo 4 inayochukua mita za ujazo 0.03 itajaza lori la mita za ujazo 75 ikifika katoni 2,500, na hapo mna tani 10 tu. Kwa zile dola 5,600, nauli ya kweli ya katoni hiyo ni dola 2.24. Mkigawa kwa kilo, mwenye biskuti atalipa senti 80 na mwenye sukari atambebea zilizobaki. Pigeni hesabu mbili kwa kila mtu, sehemu yake ya uzito na sehemu yake ya nafasi, mchukue iliyo kubwa, kisha mpunguze zote kwa uwiano hadi zifikie nauli halisi. Unganisheni kizito na chepesi: sukari chini na biskuti juu, sabuni chini na ndoo za plastiki juu. Sabuni na biskuti katika lori moja, hapana. Harufu inaingia hata ndani ya plastiki, na mteja hatarudi.

Lori linapofika, linganisha namba ya lakiri na hati kabla haijakatwa. Hesabu wakati wa kushusha, usingoje mzigo upangwe. Katoni iliyolowa au iliyopungua iandikwe kwenye hati ya mzigo na shofere asaini. Bila maandishi hayo bima haina cha kulipa. Kuanzia Novemba hadi Machi kagua turubai kwa ndani, maana tundu dogo linatosha kuharibu safu nzima ya mifuko.

Wakati wa kuagiza tena unatokana na siku mbaya, si siku za kawaida. Ukiuza katoni 20 kwa siku, na njia kwa kawaida inachukua siku 25 lakini imewahi kufika 40, agiza zikibaki 800. Anayengoja zibaki 500 atakaa siku 15 na etajeri (rafu za duka) tupu njia ikiharibika; kwa faida ya dola 2 amepoteza 600. Kushikilia zile katoni 300 za ziada, kwa asilimia 3 ile ile, kunagharimu kama dola 212 kwa mwezi. Kwa sabuni, mafuta, sukari na unga, shikilia. Kwa bidhaa ghali inayotoka polepole, usishikilie.

Unga unahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu bukari (ugali) ya Lubumbashi inategemea sana mahindi ya Zambia. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, yote mitatu, baada ya Congo kuzuia vinywaji kuingizwa. Mgogoro wa vinywaji ukasimamisha malori yote. Aliyeweka njia ya pili Mokambo tu hakuwa na njia ya pili siku hiyo. Kilichomwokoa mtu ni mifuko iliyokuwa tayari depo. Unga hauvumilii kukaa miezi mingi, basi weka wa wiki tatu au nne, juu ya mbao, mbali na ukuta, na utoe ulioingia kwanza.

Mwisho ni franka. Mzigo umelipiwa kwa dola, mteja analipa kwa franka. Badilisha mauzo yawe dola kila jioni au kila siku ya pili, na bei ya etajeri iandike kwa kiwango cha leo na gharama ya lori linalofuata, siyo ya lori ambalo mzigo wake umekwisha kuuzwa.