Ukimkuta kasa anataga

Zima tochi. Huku Juani, Mafia, vijana hukimbilia kupiga picha. Kasa akishtuliwa na mwanga kabla ya kutaga, hurudi majini na mayai yake. Kaa nyuma yake, kimya.

Asubuhi fuata michirizi mchangani. Kiota kikiwa juu ya alama ya bamvua, yaani pale maji makuu yanapofika, usikiguse. Kikiwa chini, mwite mlinzi wa viota: mayai huhamishwa mapema, bila kugeuzwa, la sivyo kiinitete chaweza kufa. Vifaranga hutoka baada ya miezi miwili hivi. Waache watambae wenyewe.

Ila kwangu mimi adui mkubwa ni jarife, ule wavu mkubwa wa kutegea samaki wakubwa. Kasa hupumua hewa. Akinaswa usiku kucha, hufa maji. Mvuvi, ukimkuta hai, kata nyuzi. Jarife litashonwa.