Vinia au kofia ya jino? Angalia kwanza jino limebaki kiasi gani
Kabla hujakubali kuchongwa jino, mwombe daktari akuoneshe kwenye eksirei jino limebaki kiasi gani. Vinia ni kigamba chembamba kinachogandishwa mbele tu, na gundi yake hushika vizuri kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Basi jino imara lenye tatizo la rangi au umbo hutoshwa na vinia. Hupunguzwa kama nusu milimita. Lililozibwa sehemu kubwa, au gego lililotibiwa mzizi, mara nyingi lataka kofia ya kulizunguka lote, ingawa huchongwa zaidi, milimita 1 hadi 2, na enameli haioti tena. Kipimo hiki cha kiasi cha jino kilichobaki hakimfai anayesaga meno usingizini: hata jino likiwa imara, vinia huweza kupasuka au kubanduka. Huyo aulizie kwanza kinga ya meno ya kuvaa usiku.